Supu ya Dirisha Wazi

Tulimzika Mama Mbugua mwezi wa Julai, kwenye shamba lao dogo la Kinoo, na siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi ukagusa mahema. Watu walijikunyata kwenye viti vya plastiki, makoti yamefungwa hadi kidevuni, na mhubiri kila alipofungua kinywa mvuke ulimtoka. Udongo uliposawazishwa na mashada kupangwa, tulielekezwa kwenye chakula. Sikwenda kwenye foleni ya mukimo na nyama. Nilibaki kando ya ua, nikihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, kama ilivyo kawaida yangu kwenye mikusanyiko, nikitafuta sababu ya kuondoka mapema. Ndipo msichana mmoja mrefu mwenye sweta nyeusi akanijia na kikombe cha bati kinachofuka. Alikuwa Nyambura, mjukuu wa marehemu, binti wa rafiki yangu Mbugua. "Shika hii, anko, upate joto," akaniambia. Nikashika kwa mikono miwili, nikanywa. Nilionja viazi vya waru vilivyopondwa, karoti, minji za kijani, na vile vitunguu vya majani marefu ambavyo akina mama wa sokoni huviita liki. Kisha, chini ya hayo yote, pale ambapo ulimi hufika mwisho, nikakuta ladha ya karanga zilizokaangwa na kusagwa. Nilisita kumeza.

"Ni supu ya shosho," Nyambura akasema kuhusu nyanya yake, akiniona nimetulia. "Alifunzwa na mama yake, na huyo naye akafunzwa na mama yake. Ni ya zamani sana. Hapa Kinoo hakuna mwingine anapikanga hivi." Ng'ambo ya kiwanja, Mbugua alikuwa amesimama ameshika kofia yake, upara wake unang'aa kwa manyunyu, na nadhani alisikia kwa sababu aligeuka akanitazama. Alifungua kinywa. Nikatikisa kichwa. Akakifunga. "Shosho wako alikuwa na mkono," nikamwambia msichana. Akatabasamu, machozi yakimtoka wakati huohuo, akauliza kama aniongeze. Nikamwambia aniongeze.

Nimekuwa mpishi karibu maisha yangu yote, na watu wameniuliza mara nyingi nilijifunzia wapi. Huwa nawatajia majiko makubwa: kambi za watalii, hoteli za mjini, jiko la shule moja ambako nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Hayo yote ni kweli, lakini ni kweli ya baadaye. Nilijifunza kupika Woodley, Nairobi, kwenye stovu ya mafuta ya taa, mwaka mmoja wa baridi, nikimpikia mtu mmoja tu. Nilikotoka na walionizaa sitawaeleza hapa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa kijana kutoka Magharibi mwa Kenya, nywele zote zikiwa bado kichwani, na kwamba nilikuwa siwezi kukaa kitako. Nikikaa, goti lilianza kupiga lenyewe. Nikilala, niliota natembea. Nilikuwa na hakika kwamba maisha yangu yapo mahali fulani yananisubiri, na kwamba kila siku niliyokawia yalikuwa yanapewa mtu mwingine.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba moja kuukuu ya kanjo, mali ya jiji, zile za vigae vyekundu, ambacho zamani kilijengewa mtumishi wa nyumbani. Mbugua ndiye alikuwa amekikodi. Tulikuwa tumejuana kwenye mjengo mmoja Kilimani, yeye fundi wa stima, mimi nikibeba kokoto, na niliposhindwa kubaki nilikokuwa nikiishi Kawangware alinitazama na mfuko wangu begani, akasema, "Kuna nafasi ya kitanda ingine. Lakini mimi hukoroma." Hakuwahi kuniuliza nitakaa hadi lini. Kulikuwa na vitanda viwili, meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali, waya uliotoka kwenye dari kwa ustadi wake mwenyewe hadi kwenye taa na redio, na dirisha moja lililotazama ua wa miiba ya kayaba. Bomba lilikuwa nje, chini ya dirisha hilo. Hata leo naweza kufumba macho nikaonyesha kila kitu kilikuwa wapi, na nyumba ninayoishi sasa siwezi.

Asubuhi nilikuwa natoka mapema. Siku ambazo hoteli moja ya Kilimani ilikuwa na wageni wengi niliitwa kuosha vyombo. Siku nyingine nilifuata Ngong Road kwa miguu hadi mjini, nikapanda ngazi za jumba moja la River Road ambako wakala wa kazi alikuwa na ofisi ya kiti kimoja. Nilikuwa nimejiandikisha kwake kutafuta kazi ya jikoni, yoyote, popote. "Bado, kijana," alikuwa akisema bila kuinua macho. "Rudi wiki ijayo." Nilishuka ngazi, nikazunguka mjini bila sababu, nikitazama watu wenye haraka zao na kuwaonea wivu kwa hizo haraka, kisha nikarudi Woodley nimechoka miguu na sijachoka moyo. Mbugua alikuwa akinicheka. "Wewe ni kama panya kwa debe," alisema. "Keti bana. Kazi itakuja." Kwake ilikuwa rahisi kusema. Alikuwa na ufundi mkononi na watu walimtafuta.

Alianza kukohoa mvua za Aprili zilipoanza. Sote tulidhani ni homa. Mei akawa anakohoa bado, na mshipi wake akaufunga kwenye tundu aliloongeza kwa msumari. Alikuwa anaamka fulana imelowa jasho, ilhali nje watu walikuwa wanavaa kofia za sufu. Siku moja alirudi kutoka kazini mchana, akakaa kitandani na buti zake miguuni, akaniambia ameshindwa kupanda ngazi. Alisema kwa mshangao, kama mtu anayesimulia jambo lililompata jirani. Siku iliyofuata nilimsindikiza kliniki. Walimpima makohozi, wakampiga picha ya kifua, na mwishowe muuguzi mmoja mnene mwenye sauti ya upole alituita wote wawili ndani, akafunga mlango.

"Ni TB," alisema. "Inatibika. Lakini dawa ni za miezi mingi, na hazitaki mchezo. Ukiacha katikati, tutakuwa tunaongea mambo mengine." Kisha akanigeukia. "Na wewe ndiye mnaishi pamoja? Utapimwa pia. Na hiyo nyumba, dirisha lisifungwe. Hewa ipite mchana na usiku. Halafu ale. Hizi dawa bila chakula zitamchoma tumbo, atazikataa." Nilipimwa, nikaonekana mzima. Tulirudi nyumbani, Mbugua akitembea polepole kama mzee, amebeba pakiti yake ya vidonge vikubwa vyekundu ndani ya koti. Tulipofika alifungua dirisha kwa mikono yake, akalifunga wazi kwa waya wa stima ili upepo usilirudishe. Ilikuwa mwanzo wa Juni.

Asiyewahi kuishi Nairobi Juni na Julai atadhani natia chumvi. Jua linapotea wiki nzima. Nguo zinaanikwa na kuanuliwa zikiwa mbichi. Mawingu yanakaa juu ya paa kama kifuniko, na manyunyu hayanyeshi wala hayaachi. Na sisi tulikuwa na dirisha wazi. Asubuhi blanketi lilikuwa na unyevu upande wa juu. Maji ya kunawa yaliuma meno ya mikono, kama mikono ingekuwa na meno. Mbugua alilala amevaa koti na soksi mbili mbili, na nilipomsikia akitetemeka nilitaka kuinuka nilifunge lile dirisha, nami nilijua kwamba nikilifunga namfungia yeye kaburini, na labda nafsi yangu pia. Hivyo nilichoweza kukifanya kilikuwa kimoja: kumtia joto kutoka ndani.

Supu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilichemsha kabeji na waru kwa maji na chumvi hadi kabeji ikatoa ule mnuko wake wa mabwenini, nikamletea. Alikunywa kijiko kimoja, cha pili, akakimbilia nje. Nilimsikia akitapika kwenye mfereji, vidonge vya asubuhi pamoja na vyote. Aliporudi alijifuta mdomo, akasema, "Ayubu, hii umepikia adui." Tulicheka, lakini nilikuwa na hofu, kwa sababu alikuwa amebaki macho na mifupa. Siku iliyofuata nilipokuwa naosha vyombo Kilimani nilimtazama mpishi kwa mara ya kwanza. Miezi yote hiyo nilikuwa nimempa mgongo. Niliona kwamba mboga haziingii majini moja kwa moja. Kwanza kitunguu, kwenye mafuta, moto mdogo, hadi kiwe laini na kitamu. Kisha saumu na tangawizi. Kisha karoti na liki, zikaangwe zitoe harufu yao. Nyanya mwishoni, hadi zijimenye zenyewe. Maji ndipo yanakuja. Nilienda soko la Toi jioni hiyo nikanunua kidogo kidogo cha kila kitu, nikarudi karibu nikikimbia.

Kukata mboga kulinifanyia jambo ambalo sikulitarajia. Goti lilitulia. Nilikaa juu ya debe la mafuta, ubao magotini, kisu kidogo mkononi, nikikata karoti vipande sawasawa kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba visipokuwa sawa vingine vinapondeka na vingine vinabaki vigumu. Redio ilisema mambo yake. Mbugua alinitazama kutoka kitandani, blanketi hadi masikioni. Supu ya pili aliinywa nusu. Ya tatu aliimaliza, lakini akasema ni nyepesi, inampita tumboni kama mgeni asiyeketi. Nikaanza kutoa sehemu ya waru zilizoiva, kuziponda kwa mwiko na kuzirudisha, na supu ikawa nzito. Nikaongeza minji. Nikaongeza kipande cha malenge siku nilipokipata. Bado kulikuwa na kitu kilichokosekana, na kilinisumbua hata barabarani, nikitembea nikitafuna hewa kutafuta ni nini. Kisha pale Toi nikampita mama mmoja aliyekuwa akisaga karanga, harufu ikanipata usoni, nikasimama. Kwetu karanga zilizosagwa hutiwa kwenye mboga za majani. Kwenye supu sikuwahi kuona. Nilikoroga vijiko viwili kwenye maji moto, nikatia dakika za mwisho, moto ukiwa chini, na chumba kizima kikabadilika harufu. Mbugua alikaa kitandani bila kusaidiwa. "Hiyo ni nini?" aliuliza. Alikula mabakuli mawili. Hakutapika. Asubuhi dawa zilikaa.

Nasimulia haya kwa furaha na huenda ikadhaniwa kwamba ulikuwa mwaka wa furaha. Haukuwa. Sikuwa na subira ya mtu mwema. Kulikuwa na siku nilizokata vitunguu kwa hasira, nikijiambia kwamba vijana wa rika langu wanapanda ndege ilhali mimi nahesabika kuwa mke wa fundi wa stima. Jirani mmoja aliyeishi nyumba ya mbele alinitania hivyohivyo pale bombani, nikacheka naye, kisha nikatembea hadi Kilimani na kurudi bila shughuli yoyote, ili tu miguu ifanye kitu. Wakati huo Kilimani kulikuwa na nyumba zenye nyua na miti mikubwa na mbwa nyuma ya malango. Sasa ni maghorofa juu ya maghorofa, na nikipita huko siwezi kuona hata mti mmoja niliowahi kuusimamia nikijiuliza kwa nini sijaondoka. Swali hilo lilikuwa nami kila siku. Wakala wa River Road alikuwa ameanza kusema "karibu" badala ya "bado". Nilikuwa nasikia neno hilo usingizini.

Mama yake Mbugua alikuwa akija Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya kazi, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu, na kiondo mgongoni kimejaa vitu vya shambani kwake: waru, liki, karoti zenye udongo, mara nyingine mayai. Alikuwa ananisalimu kwa adabu, "Habari yako, kijana," kisha ananipita. Alitaka mwanawe arudi Kinoo. Mbugua hakutaka, alisema Kinoo yote ingejua, wangehesabu kilo zake kutoka barabarani na kumwekea ugonjwa mwingine usio wake. Mama hakuwahi kuonja supu yangu. Nilimpakulia, akasema ameshiba. Alimlisha mwanawe maziwa na mayai ya kuchemsha, na Mbugua aliyala kumridhisha, na mama alipoondoka akayatapika.

Jumapili moja ya Julai nilikuwa nje pale bombani nikiosha sufuria. Dirisha, bila shaka, lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Walikuwa wanaongea Kikuyu, wakidhani sikijui, au wamesahau kwamba nimeishi na mmoja wao zaidi ya mwaka. "Huyu kijana anataka nini kwako?" mama aliuliza. "Mtu hapikii mtu ambaye si wa kwao, bure, kila siku. Na tena wa mbali. Unajua kama si yeye alikuletea huu ugonjwa?" Nilisimamisha mikono majini. Nilingoja Mbugua ajibu. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya vidole vyangu na sikuyasikia baridi. Ningeridhika na neno lolote, hata "wacha, mama." Hakusema kitu. Kitanda kililia alipogeuka, basi. Nilifunga bomba taratibu, nikaacha sufuria palepale, nikatoka nje ya lango.

Nilitembea hadi giza lilipokaribia. Niliporudi mama alikuwa amekwenda, na sufuria ilikuwa imeingizwa ndani, imeoshwa, imefunikwa juu ya meza. Sikupika. Tulikula mkate na chai. Siku chache baadaye nilipanda ngazi za River Road, na wakala, kwa mara ya kwanza, aliinua macho. "Wewe una bahati," alisema. Kambi moja ya watalii upande wa Narok ilitaka msaidizi wa jikoni. Lori la vyakula lingetoka Jumatatu, lingepita kunichukua Woodley. Nilimshukuru hadi akachoka. Kisha nikashuka, nikasimama mjini katikati ya watu, na kwa mara ya kwanza sikujua nielekee wapi.

Nilimwambia Mbugua nikiwa bado mlangoni, koti mwilini. "Nimepata kazi. Mbali. Naenda Jumatatu."

"Poa," alisema. Alikuwa ameanza kurudisha mwili kidogo. Mashavu yalikuwa na kitu. "Si ndio ulikuwa unangoja? Enda."

"Hutaki kuuliza dawa zako utazimeza na nini?"

"Nitajua."

"Vile ulijua siku ile mama yako aliuliza nataka nini kwako?" Sikuwa nimekusudia kusema. Ilitoka. "Nilisikia yote. Nilikuwa chini ya dirisha. Ungesema kitu, Mbugua. Kitu kimoja tu."

Upepo uliingia, ukatikisa taa. "Ningesema nini?" aliuliza, si kwa hasira. "Hata mimi nilitaka kujua. Mimi huamka naona unakata karoti na najiuliza, huyu msee yuko hapa kwa nini? Mimi singefanya hivyo, Ayu. Nakwambia ukweli. Ningekuwa nimetoroka siku ya kwanza." Akavuta pumzi, na pumzi ilifika chini, haikukatizwa na kikohozi. "Kwa hivyo kama unajua, niambie. Nimwambie mama."

Nilitaka kusema ni kwa sababu alinipa kitanda, lakini deni la namna hiyo lingelipika kwa wiki moja. Nilitaka kusema ni urafiki, na neno lilikuwa dogo na pia kubwa mno. Pale Kinoo, baada ya mazishi, tulikaa wawili kwenye viti vya plastiki huku vijana wakikunja mahema, naye akanirudia na jambo hilohilo kwa mlango mwingine. "Mbona umenikataza kumwambia Nyambura?" aliuliza. Nilimwambia kwamba mtoto amempoteza nyanya yake leo, si siku ya kumwondolea na supu pia. Akasema hiyo si sababu. Kweli haikuwa. Nadhani nilipenda tu kwamba kitu kilichotoka mkononi mwangu kimekaa mahali pamoja miaka yote hii, kimepata ukoo, wakati mimi nimehama jiko baada ya jiko. Lakini hilo niliweza kulifikiri Julai hii tu. Kijana yule wa mlangoni hakuwa nalo. Alichofanya ni kuvua koti, kuwasha stovu, na kusema, "Mwambie mama yako aje Jumamosi. Nitamwonyesha."

Alikuja. Sijui Mbugua alimwambia nini kwenye simu ya jirani, lakini alikuja bila nguo za kanisa, amevaa aproni chini ya sweta, na kiondo chake akakiweka miguuni pangu. Hatukusalimiana sana. Nilimpa kisu na ubao, mwenyewe nikachukua debe. Alimenya waru kwa kasi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, ganda jembamba kama karatasi, na alipoona ninavyokata karoti alisogea, akatazama, akaanza kukata saizi yangu. Nilimwambia kitunguu kisiungue. "Najua kukaanga kitunguu," alisema. Nilimwambia tangawizi kabla ya karoti. "Kwa nini?" Nilimwambia kwa nini. Akatia tangawizi. Mbugua alikuwa kitandani amefumba macho, na sote watatu tulijua hajalala. Nilipotoa karanga zilizosagwa mama alirudi nyuma.

"Hapana," alisema. "Karanga ni ya kutafuna. Hiyo utamuua nayo."

"Ni hiyo ndiyo hufanya dawa zikae, mama."

"Nani alikufunza?"

"Hakuna. Nilitafuta tu."

Alichukua kijiko, akachovya, akapuliza, akaonja. Alisimama na kijiko mdomoni, akitazama ua wa kayaba nje ya dirisha. Hakusema ni tamu. Alichukua kopo la karanga mkononi mwangu, akapima kwa jicho, akaongeza. Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo huwa naongeza na mimi. Halafu akakoroga yeye mwenyewe, polepole, akikwangua chini ili isishike, na huku amenipa mgongo akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mimi niliongea vibaya hapa ndani. Mbugua ameniambia ulisikia."

Nilisema si kitu. Alisema ni kitu. Kisha tukaachana na habari hiyo, na hakuna kati yetu aliyeirudia maishani.

Alilala huko kwetu kuanzia siku hiyo, kwenye kitanda changu, nami nikalala chini. Alikuwa amekubali dirisha. Alijifunga mashuka mawili na kulalamika kwa sauti juu ya wauguzi wa siku hizi, lakini hakuligusa. Jumapili alipika peke yake, nikawa sina kazi, nikakosa pa kuweka mikono. Nilitoka, nikarudi, nikatoka. Nilipanga mfuko wangu, nikaupangua, nikaupanga tena. Mbugua alinywa supu ya mama yake, akanikonyeza juu ya bakuli. Nilipaswa kufurahi. Nilihisi kama mtu ambaye amevuliwa kiatu akiwa anatembea.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu hata usione lango. Lori lilikuwa lipite wakati wowote na nilikuwa nimevaa tangu alfajiri, mfuko begani, nikisimama mlangoni, nikisikiliza barabara, nikirudi ndani, nikisikiliza tena. Mbugua alinipa mkono akiwa amekaa kitandani. Tulishikana muda mrefu. "Usiwapikie adui huko," alisema. Nilicheka, nikageuka niondoke.

Mama alikuwa kwenye stovu. Hakuinua kichwa. "Wewe kijana," alisema, "nani hukupikia wewe?"

Sikuelewa. "Vipi, mama?"

"Umempikia huyu. Juzi umenipikia mimi. Sasa unaenda kupikia wazungu. Mimi nauliza, wewe, nani hukupikia?"

Nilifikiria. Nilifikiria kwa dhati, kwa sababu aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa, na nilipofika mwisho wa kufikiria nikaona hakuna jina. Nje, mahali fulani kwenye ukungu, lori lilipiga honi. Nikashtuka kuelekea mlangoni.

"Litangoja," alisema mama. Alikuwa ameshapakua. Bakuli lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na alilipakua kabla ya la mwanawe. Alivuta debe la mafuta kwa mguu wake, akaliweka katikati ya chumba. "Keti."

Honi ilipigwa tena. Nikashusha mfuko, nikakaa, nikala yote.